Ulimi wa reli: namna treni inavyobadili njia, na namna ya kuutengeneza kwa tupa

Songea haina reli. Anayetaka kuiona treni kutoka hapa hupanda basi la Njombe na kuendelea hadi Makambako, karibu kilomita 300, ambako barabara yetu inakutana na reli ya TAZARA. Hata hivyo habari za reli haziishi vijiweni. Mpango wa reli ya kutoka bandari ya Mtwara kupitia Songea hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, pamoja na matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga wilayani Ludewa, umetajwa kwa miaka mingi. Kila malori ya makaa ya Ngaka yanapopita kuelekea Mtwara, hakosekani mtu wa kuuliza reli itafika lini.

Swali hilo si la makala haya. Hapa tunajibu swali jingine, ambalo watoto huuliza kuliko watu wazima: treni ikifika pale tawi linapoanzia, inajuaje iende kushoto au kulia?

Jibu lake ni kipande cha chuma kilichochongwa kikawa chembamba upande mmoja kama kisu. Ukielewa kipande hicho, umeelewa sehemu kubwa ya usalama wa reli. Na njia rahisi ya kukielewa ni kukitengeneza mwenyewe kwa udogo, kwa vifaa vinavyopatikana katika duka la vifaa vya ujenzi na kwa fundi wa kuchomelea.

Treni haina usukani

Dereva wa basi akitaka kukata kona hugeuza usukani. Dereva wa treni hana usukani. Anaweza kuongeza mwendo, kupunguza, kusimama na kupiga honi. Njia ya kufuata anachaguliwa na reli yenyewe.

Kinachoishika treni isitoke relini ni umbo la gurudumu. Gurudumu la treni lina sehemu pana inayokanyaga juu ya reli, na upande wa ndani lina ukingo unaoshuka chini kupita uso wa reli. Kingo mbili, ya gurudumu la kushoto na ya gurudumu la kulia, hukaa katikati ya reli mbili. Treni ikitaka kwenda kushoto, ukingo wa kushoto unagusa reli ya kushoto na kurudishwa. Ikitaka kwenda kulia, reli ya kulia inairudisha.

Kwa hiyo anayetaka treni ibadili njia lazima afanye mambo mawili kwa pamoja. Lazima aweke chuma cha kuusukuma ukingo upande anaoutaka, na lazima aache mwanya wa kupitishia ukingo wa gurudumu la pili. Mahali panapofanyika kazi hiyo tutapaita pointi. Vile vyuma viwili vinavyosogea tutaviita ndimi.

Ndimi mbili, kazi moja

Chukua mfano wa pointi yenye njia kuu iliyonyooka na tawi linalokwenda kulia. Simama kwa mawazo yako unakotokea treni, ukitazama mbele. Nje kabisa kuna reli mbili ambazo hazisogei. Ya kushoto imenyooka moja kwa moja. Ya kulia inapinda taratibu kuelekea kulia na kuwa reli ya nje ya tawi.

Ndani ya reli hizo mbili zimelala ndimi mbili. Ulimi wa kushoto umepinda, kwa sababu unaongoza kwenye tawi. Ulimi wa kulia umenyooka, kwa sababu unaongoza kwenye njia kuu. Karibu na ncha zake, ndimi hizi zimeunganishwa kwa upau, hivyo zinasogea pamoja. Mmoja ukibana reli ya upande wake, mwingine unaachia.

Hapa ndipo wengi hukosea. Ukitaka treni iende kulia, ulimi unaobana ni wa kushoto. Ukingo wa gurudumu la kushoto unakutana na ulimi huo na kusukumwa kulia kidogo kidogo, huku ukingo wa gurudumu la kulia ukipita kwenye mwanya ulioachwa na ulimi wa kulia. Ukitaka treni iende moja kwa moja, unabana ulimi wa kulia, na ukingo wa kushoto unapita kwenye mwanya wa kushoto.

Ndimi zote mbili zikikaa nusunusu, bila mmoja kubana, kingo zote mbili zinaweza kupata mwanya. Gurudumu la kushoto linaanza kwenda moja kwa moja na la kulia linaanza kwenda kulia. Reli hizo mbili zinazidi kuachana, na gurudumu linaanguka katikati.

Mbele zaidi, reli ya njia kuu na reli ya tawi zinakatana. Mahali hapo napo lazima paachwe upenyo wa ukingo. Ili gurudumu lisipotee njia kwenye upenyo huo, upande wa pili huwekwa kipande kifupi cha reli ya ulinzi ambacho hushika ukingo wa gurudumu la pili. Lakini uamuzi wa njia umekwishafanyika nyuma, kwenye ndimi.

Kwa nini ulimi unachongwa

Reli ni chuma kinene. Ukiweka kipande kizima cha reli kando ya reli nyingine, ncha yake itakuwa ukuta mbele ya gurudumu. Ukingo utaugonga na kuupanda au kutoka. Kwa hiyo ncha ya ulimi huchongwa mpaka iwe nyembamba na ilale ubavuni mwa reli ya nje kama vile vyuma hivyo viwili ni kimoja.

Huchongwa upande wa mgongo, yaani upande unaoegemea reli ya nje. Upande wa ndani, unaoguswa na ukingo, unabaki kufuata mstari wa njia. Fikiria kabari: reli ya nje inapoanza kuachana na mstari wa njia, nafasi inazaliwa kati yao, mwanzo nyembamba kama karatasi kisha inapanuka. Ulimi ndio unaojaza nafasi hiyo.

Jambo la pili ni urefu wa kwenda juu. Ncha nyembamba haiwezi kubeba uzito wa treni. Kwa hiyo huchongwa ikawa chini kidogo kuliko reli ya nje. Gurudumu linapofika kwenye ncha bado limekanyaga reli ya nje, na ulimi unafanya kazi ya kuuelekeza ukingo tu. Ulimi ukishanenepa vya kutosha ndipo unapopanda na kupokea uzito.

Vifaa

Watoto wetu wametengeneza magari ya waya na makopo tangu zamani, na pointi ya reli haiwashindi mafundi wa aina hiyo. Tutaifanya ndogo mara kumi kuliko ya TAZARA. Nafasi kati ya reli mbili za TAZARA ni milimita 1,067, hivyo yetu itakuwa milimita 107, ikipimwa kutoka ubavu wa ndani wa reli moja hadi ubavu wa ndani wa nyingine.

Tafuta ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 1.2 na upana wa sentimita 40. Tafuta vipande vya mbao ya paini vya kuwa mataruma, yaani zile mbao zinazolala chini ya reli. Reli zitakuwa flati ba ya upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3, zikisimamishwa kwa ubavu. Utahitaji pia tupa bapa, msumeno wa chuma, jiriwa, misumari midogo, bolti ndogo nne, mabaki ya bati na waya mgumu kama wa henga ya nguo. Kata kijiti cha milimita 107 kamili. Hicho ndicho kipimo chako mpaka mwisho wa kazi.

Kuchora na kuweka reli za nje

Chora kwanza. Piga mstari ulionyooka wa reli ya kushoto ubao mzima. Weka alama ya ncha ya ulimi sentimita 15 kutoka mwanzo wa ubao. Kuanzia alama hiyo, mstari wa tawi unaachana na mstari ulionyooka hivi: baada ya sentimita 15 umeachana kwa milimita 3, baada ya sentimita 30 kwa milimita 12, baada ya sentimita 60 kwa milimita 48, na baada ya sentimita 90 kwa milimita 108. Unganisha alama hizo kwa fito inayopindika na upate mpindo mlaini. Kisha chora reli za kulia kwa kufuata kijiti chako cha milimita 107. Utaona kwamba reli ya kushoto ya tawi inakata reli ya kulia ya njia kuu karibu na sentimita 90. Hapo ndipo penye upenyo tulioutaja, na milimita 6 zinatosha.

Panga mataruma kila baada ya sentimita 6 hivi na uyagongomee. Simamisha reli za nje juu yake. Flati ba ya unene huu inapindika kwa mikono, usiichome moto. Ishike kwa misumari miwili kwenye kila taruma, mmoja kila upande, na uzikunje shingo zake. Lakini zile sentimita 40 za kwanza kutoka kwenye ncha usipige msumari upande wa ndani, kwa sababu ulimi ungegota. Hapo toboa reli na kuifunga kwa skrubu kwenye vibao vidogo vilivyo upande wa nje. Vichwa vya skrubu vizame ndani ya chuma, visitokeze.

Kuchonga ndimi

Kata vipande viwili vya sentimita 40. Upande wa juu wa kila kipande, piga alama sentimita 15 kutoka kwenye ncha. Kutoka alama hiyo, chora mstari wa mshazari unaoanza kwenye unene mzima wa milimita 3 na kuishia kwenye ncha na unene wa nusu milimita. Andika "mgongo" kwa chaki upande utakaoegemea reli ya nje. Mafundi wengi huharibu ulimi wa kwanza kwa kuchonga upande usiotakiwa, na pia kwa kusahau kwamba ndimi mbili ni kama viatu, wa kushoto na wa kulia.

Laza kipande bapa juu ya kibao kigumu, mgongo ukiwa juu, na ubane vyote pamoja kwenye jiriwa. Kibao kinazuia ncha isipinde inapozidi kuwa nyembamba. Sukuma tupa kuelekea kwenye ncha, kwa mikono miwili, na uinyanyue unaporudi. Usiwe na haraka. Grenda inamaliza kazi kwa dakika chache lakini inachoma ncha na kuacha mabonde. Ukilazimika kuitumia kwa kuanzia, vaa miwani ya kazi na umalizie kwa tupa.

Kila baada ya muda peleka ulimi kwenye reli yake na utazame kwa kuelekea kwenye mwanga. Mwanga unaopenya kati ya mgongo na reli unakuonyesha pa kuongeza tupa. Ulimi wa kushoto upinde kidogo kufuata mchoro kabla ya kupima. Wa kulia unabaki umenyooka.

Mgongo ukishalala vizuri, geuza ulimi usimame na uchonge juu. Sentimita 3 za mwisho zishuke taratibu mpaka ncha iwe chini ya reli ya nje kwa milimita 2. Lainisha kona ya ncha upande wa ndani ili ukingo usikutane na makali. Ondoa vinyweleo vya chuma kwa msasa.

Mwisho wa pili wa ulimi, ule usiochongwa, unaungana na reli inayoendelea mbele. Uungane kwa vibao viwili vya bati, kimoja kila upande, na bolti mbili. Bolti ya upande wa reli ikaze kabisa. Bolti ya upande wa ulimi ilegee kiasi cha kuuruhusu ugeuke.

Sasa toboa kila ulimi sentimita 5 kutoka kwenye ncha na upitishe waya wa kuziunganisha ndimi. Toboa pia reli ya nje, tundu kubwa kidogo, ili waya utoke hadi kwenye mkono wa kusukumia. Zungushia waya mwembamba pande zote mbili za kila ulimi ili usiteleze. Rekebisha mpaka ulimi mmoja ukibana, mwingine uwe umeachia milimita 10.

Kuipima kazi yako

Tengeneza ekseli mbili za kigari. Gurudumu moja ni duara la mbao la upana wa milimita 60 na unene wa milimita 15, na upande wa ndani limegundishwa duara la plaiwudi la upana wa milimita 70 na unene wa milimita 3. Hilo la pili ndilo ukingo. Kutoka ubavu wa nje wa ukingo mmoja hadi wa mwingine pawe na milimita 104, ili kigari kicheze kidogo katikati ya reli. Zile reli za ulinzi ziache mwanya wa milimita 5 kutoka reli iliyo jirani.

Kabla ya kupitisha kigari, chukua kipande cha karatasi ya daftari. Bana ulimi kisha ujaribu kuipenyeza karatasi kwenye ncha. Isipite. Fanya hivyo pande zote mbili.

Sukuma kigari polepole kuelekea kwenye ncha. Kikigonga kwenye ncha, ncha ni nene au iko juu mno. Kikipanda katikati ya ulimi, umechonga bonde mgongoni na ulimi unalegea. Kikipita vizuri, fanya jaribio la mwisho kwa makusudi: weka kijiwe kidogo kama punje ya mchele kati ya ulimi na reli ya nje, kisha sukuma tena. Utaona mwenyewe ukingo unavyotafuta ule mwanya mdogo.

Mwanya wa milimita chache

Jaribio hilo la punje ndilo linalowahangaisha wahandisi wa reli duniani kote. Tarehe 10 Mei 2002, treni ya abiria iliyotoka London ilikuwa ikipita kwa kasi Potters Bar, Uingereza. Mabehewa ya mbele yalivuka pointi salama. Behewa la mwisho lilipokuwa juu yake, ndimi zikasogea. Behewa likaacha njia na kurushwa stesheni. Watu 7 walikufa. Uchunguzi ulikuta nati za zile pau zinazozishika ndimi zikiwa zimelegea na nyingine kutoka mahali pake. Miaka mitano baadaye, Februari 2007, treni nyingine ilianguka Grayrigg, nchini humohumo, kwa sababu ya pau za ndimi zilizoharibika, na mtu 1 akafa.

Kwa sababu hiyo pointi za reli kubwa zina kufuli, na zina vifaa vinavyohakikisha kwamba ulimi umebana kweli. Ukibaki mwanya wa milimita chache, taa ya kuruhusu treni haiwaki. Wakaguzi hutembea kwa miguu kuangalia nati, kupaka mafuta mahali ndimi zinapotelezea na kuondoa mawe.

Sisi tunahusika vipi? Reli ya njia moja kama TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ina stesheni ambapo treni hupishana, na treni haiwezi kumpisha mwenzake bila pointi upande huu na upande ule. Reli ya kisasa, ambayo abiria walianza kuipanda Juni 2024 kati ya Dar es Salaam na Morogoro, nayo ina pointi zake. Katika nchi yetu wizi wa vyuma vya reli umekuwa tatizo la muda mrefu. Anayefungua nati moja kwenye pointi akauze kwa mnunuzi wa chuma chakavu anapata pesa ya soda. Anachokiacha nyuma ni ulimi usioshikwa.

Kuna hatari nyingine inayowahusu wasafiri wetu wanaoteremka Makambako au wanaokwenda Dodoma kwa treni. Usikanyage kamwe kati ya ulimi na reli, na usimruhusu mtoto kucheza hapo. Katika reli nyingi za sasa ndimi huendeshwa na mota kutoka chumba kilicho mbali. Hazipigi honi kabla ya kusogea, na zina nguvu ya kuvunja mguu. Vuka mahali palipowekwa kwa ajili ya kuvukia, na pointi itazame ukiwa jukwaani.

Mikoa ya kusini iliwahi kuwa na reli. Mwishoni mwa miaka ya 1940, mradi wa karanga wa wakoloni ulileta reli hadi Nachingwea. Mradi ulishindwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli hiyo ilifungwa na vyuma vyake kung'olewa. Ikiwa siku moja itajengwa nyingine hadi Mbamba Bay, na tawi likakatwa kwenda Mchuchuma, tawi hilo litaanzia kwenye ndimi mbili za chuma, na watahitajika watu wa kuzikagua kila siku, mvua au jua. Vijana wa kazi hiyo wanaweza kutoka katika vijiji vyetu. Mwalimu wa ufundi mwenye tupa, flati ba na kipande cha karatasi ya daftari anaweza kuanza kuwafundisha kabla hata reli haijafika.